SINDANO YA UJANA IMO MIKONONI MWA NANI?

Kujipamba si jambo geni kwa watu wa mwambao. Kabla duka la kwanza la vipodozi halijafunguliwa Kariakoo au Darajani, bibi zetu walikuwa na liwa, dalia, manjano, wanja na hina. Walikuwa na singo ya kumsugua bibi harusi, na walikuwa na somo aliyekijua kila kilichomo ndani ya bakuli lake. Vitu hivyo vilipakwa juu ya ngozi, vikaoshwa kwa maji, na aliyevitumia akalala usingizi wake bila ya hofu.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni la namna nyingine. Ni uzuri unaopitishwa chini ya ngozi kwa sindano. Wenye kazi hiyo huiita dawa yenyewe fila, yaani kijazio. Ni ute mzito unaodungwa usoni ili kujaza mikunjo iliyoletwa na umri: mistari ishukayo kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, mashavu yaliyobonyea, midomo iliyokonda. Huduma hii ilianza kwa wenye nacho, katika kliniki za kandokando ya bahari upande wa Masaki na Oysterbay. Lakini tangazo halina ukuta. Siku hizi linaingia ndani ya simu ya mama wa Mbagala, ya karani wa Mwananyamala na ya binti wa Tandika anayetazamia kuolewa. Na pale penye tangazo na tamaa, hapakosi mtu atakayejitokeza kuuza kwa bei nafuu.

Yafaa tuseme mapema kwamba hatumlaumu mtu kwa kutaka kupendeza, wala hatudai kwamba kila atoaye huduma hii ni mlaghai. Wapo madaktari waliosomea kazi hiyo na kuidhinishwa. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa ajili ya urembo. Kwa hiyo swali letu si kama sindano hii iwepo au isiwepo. Ipo. Swali ni hili: imo mikononi mwa nani, na nani anamtazama anayeishika?

DAWA YENYEWE NI KITU GANI

Binadamu alianza kuijaza ngozi yake kwa sindano zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1899, katika mji wa Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kudunga parafini ili kusahihisha maumbile. Habari zikaenea Ulaya, na watu wakakimbilia. Baada ya muda parafini ilihama mahali ilipowekwa, ikafanya mavimbe na vidonda. Mmoja wa waliopatwa ni Gladys Deacon, mwanamke aliyesifika kwa uzuri na ambaye baadaye alikuwa mke wa Duke wa Marlborough huko Uingereza. Alidungwa parafini puani akiwa kijana ili pua yake inyooke zaidi. Parafini ikateremka, na uso ule uliokuwa ukisifiwa na wachoraji ukaharibika kwa maisha yake yote.

Fila nyingi za leo ni za asili nyingine. Hutengenezwa kwa asidi ya haialuroniki, kitu ambacho miili yetu inacho tangu kuzaliwa, na kazi yake ni kushika maji ili ngozi na viungo viwe laini. Wataalamu Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 huko New York, katika jicho la ng'ombe. Mwaka 1981 Marekani iliruhusu kijazio cha kolajeni ya ng'ombe. Mwaka 1996 fila ya asidi ya haialuroniki ikaanza kutumika Ulaya, na mwaka 2003 ikaruhusiwa Marekani. Ikidungwa ipasavyo huinua mkunjo pale pale. Mwili nao huimeng'enya kidogo kidogo, hata baada ya miezi sita, au mwaka, au mwaka na nusu, mkunjo hurudi ulipokuwa. Ndiyo kusema anayeanza amejitwisha kodi, si kununua nyumba.

Sifa kubwa ya fila hii ni kwamba inaweza kuyeyushwa. Ipo dawa iitwayo haialuronidezi ambayo daktari huidunga endapo mambo yameharibika. Kinyume chake ni silikoni ya majimaji, ambayo wachuuzi wasio na haya huwadunga watu kwa sababu ni rahisi na hukaa daima. Hiyo haina dawa ya kuiyeyusha. Ikishaingia imeingia, na kuitoa ni kwa kisu. Mteja aliyelala kitandani hawezi kutofautisha kwa macho majimaji haya na yale. Anachokiona ni bomba na sindano tu.

HATARI YA DAKIKA CHACHE

Uso wa binadamu umejaa mishipa ya damu, na baadhi yake imeungana na mishipa inayolisha jicho. Mdungaji asiyeijua ramani hiyo anaweza kuitia fila ndani ya mshipa badala ya kuitia pembeni mwake. Hapo damu huzibwa. Ikizibwa damu ya ngozi, ngozi hubadilika rangi, huuma, na hatimaye hufa na kuoza. Ikizibwa damu ya jicho, jicho hupofuka, na upofu huo kwa kawaida hauponi. Sehemu za hatari zaidi ni katikati ya nyusi na juu ya pua.

Msaada katika hali hiyo hupimwa kwa dakika, hasa ikiwa ni jicho. Daktari aliyejiandaa huwa na haialuronidezi mkononi, ndani ya chumba kile kile. Je, fundi wa chumba cha uani huko Buza au Tandale anayo? Naye mgonjwa atakayetolewa Mbagala kupelekwa Muhimbili kwa Barabara ya Kilwa, katikati ya foleni ya jioni, atafika na nini? Hata siku ile njia inapokuwa nyeupe, mwendo huo ni mrefu kuliko subira ya jicho lililokosa damu.

Fauka ya hayo, sindano isiyo safi huchukua maradhi ya mtu mmoja na kumpa mwingine. Mwaka 2024 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza habari za nyumba moja ya urembo isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018. Wanawake kadhaa waliokwenda pale kuchomwa visindano usoni walikutwa na virusi vya UKIMWI, na watatu kati yao uchunguzi ulionyesha kwamba yaelekea waliambukizwa kwa huduma hiyo. Mwaka huo huo wa 2024, jirani zetu wa Nairobi walishtuka pale mteja wa kliniki moja ya urembo alipofariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Ikiwa Marekani yenye wakaguzi na maabara zake imepatwa, sisi tusijidanganye kwamba bahati itatulinda.

MUUZA MARADHI NDIYE MUUZA DAWA

Liko jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana. Rangi yake ni mwavuli: huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa jua ambao ndio mkunjaji mkubwa wa nyuso, akifuatiwa na tumbaku. Fila zilibuniwa kwanza kwa ajili ya soko la watu weupe, ambao ngozi zao huonyesha mistari mapema. Isitoshe, ngozi yetu ikidungwa huwa na wepesi wa kuacha madoa meusi mahali pa jeraha, na kwa baadhi ya watu kovu huvimba likawa kubwa kuliko jeraha lenyewe.

Sasa basi, kwa nini mwanamke wa Temeke aliye na umri wa miaka thelathini na mitano alalamike kwamba uso wake umezeeka? Aghalabu jibu limo katika kopo lililo juu ya meza yake. Huo ni mkorogo. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi hata mishipa ikaonekana. Haidrokwinoni na zebaki huivunja ile rangi iliyokuwa mwavuli. Mtu akishauvua mwavuli chini ya jua la Dar es Salaam, ngozi humfanyia haraka yale ambayo ingeyafanya baada ya miaka ishirini. Kisha huyo huyo aliyemuuzia mkorogo, au mwenziwe wa duka la pili, humwambia: sasa wahitaji sindano. Biashara ya namna hii hukuuzia ugonjwa asubuhi, na jioni ikakuuzia dawa.

Sheria haikulala katika jambo hili. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vikapigwa marufuku. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi zilizomo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe. Hata hivyo mkorogo haujakoma. Umehama kutoka rafu ya mbele ukaingia chumba cha nyuma. Funzo ni kwamba amri iliyoandikwa ikikosa mtu wa kuifuata mtaani hubaki kuwa karatasi, na sindano ya usoni tayari inapita katika njia ile ile iliyochongwa na mkorogo.

IMANI YETU KWA SINDANO

Kuna sababu nyingine inayowarahisishia kazi walaghai, nayo ni heshima kubwa tuliyonayo kwa sindano. Heshima hiyo ina historia. Katika miaka ya 1920 kampeni za kutibu buba zilipita vijijini Tanganyika, na watu walioteseka kwa vidonda miaka na miaka wakapona kwa kuchomwa. Miaka ya 1950 ikaja penisilini. Tangu hapo wazee wetu wakaamini kwamba kidonge ni dawa, lakini sindano ndiyo dawa yenyewe. Hata leo mgonjwa aliyetoka zahanati bila ya kuchomwa huhisi amedhulumiwa.

Imani hiyo ilijengwa na wauguzi na waganga wa serikali waliochemsha bomba zao na kuandika kila jina katika daftari. Anayejiita mtaalamu wa urembo, aliyejifunza kwa kutazama picha za simu, anaitumia imani asiyoijenga. Koti jeupe amelinunua dukani.

FUNZO LA MWAKA 1968

Wako watakaosema: tatizo ni wanawake wenyewe, wakamatwe na waaibishwe. Hapana budi tuwakumbushe yaliyopita. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969 katika Dar es Salaam, kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Nia ya waliotangaza ilikuwa ni kuulinda utu wa Mwafrika. Lakini hata kabla ya siku yenyewe kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake huko Kariakoo, yakawazomea na kuwatoa katika mabasi. Dada zetu wakadhalilishwa njiani kwa jina la heshima yao. Na dawa za kujichubua? Zingali zipo, zaidi ya nusu karne baadaye.

Kosa lilikuwa la kumwandama mvaaji na mpakaji, na kumwacha mwingizaji na mchuuzi aendelee na hesabu zake. Tusilirudie. Mwanamke aliyeharibiwa uso akijua kwamba atachekwa hospitalini na kuhojiwa kama mhalifu, atajifungia ndani mpaka ngozi imeoza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayemlazimisha mwenziwe kuyaficha ana sehemu yake katika kifo hicho. Aliyedungwa ni mgonjwa, na hapana budi apokelewe hivyo. Mkono wa sheria umwendee aliyedunga.

Wala tusidhani jambo hili ni la wanawake peke yao. Wapo wanaume wanaopaka rangi mvi zao na kutamani paji lisilo na mstari, kwa kuchelea kwamba mwajiri atamtaka kijana. Jamii inayomwonea haya mtu mwenye umri ndiyo inayowapa walaghai wateja wao. Visiwa vyetu viliwahi kuwa na uso mmoja uliojaa mikunjo kuliko nyuso zote, uso wa Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX ya muziki wa ulimwengu, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alizikwa kwa heshima na mapenzi ya watu. Hakuna aliyemtaka aondoe hata mstari mmoja.

OFISI NYINGI, SINDANO MOJA

Sasa twaigeukia serikali, kwa heshima na kwa uwazi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Dawa na vifaa tiba vimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mtu anayetibu husimamiwa na baraza la taaluma yake, na leseni ya saluni hutolewa na halmashauri. Zanzibar nayo ina Wakala wake wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kila ofisi ina kazi yake halali. Lakini sindano ya ujana inapita katikati yao. Inatangazwa kama kipodozi, imetengenezwa kama kifaa tiba, inadungwa kama dawa, na inauzwa ndani ya chumba chenye leseni ya kusuka nywele. Ofisi hii ikitazama huona si yake, na ile ikitazama huona ni ya mwenziwe.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya mwaka 1977 iliyazuia matibabu yasiwe biashara ya mtu binafsi ya kutafuta faida, na kwamba mlango huo ulifunguliwa mwaka 1991. Mlango ukishafunguliwa, mlinzi huongezwa. Kwa hiyo tunapendekeza haya.

Kwanza, halmashauri za Kinondoni, Temeke na nyingine zote ziandike waziwazi katika kila leseni ya saluni kwamba hapana sindano itakayomchoma mteja mahali hapo. Afisa afya wa kata apewe kazi ya kulikagua sharti hilo, na jina la atakayelivunja lifike polisi.

Pili, wakaguzi wa TBS, TMDA na ZFDA watoke pamoja, si kila mmoja kwa siku yake. Mchuuzi ni mmoja. Kapu lake lina krimu, vidonge na sindano.

Tatu, hospitali za rufaa za Mwananyamala na Temeke, na zile za Unguja na Pemba, ziweke daftari la walioharibiwa na huduma za urembo, bila ya kuwatisha. Bila daftari hatutajua ukubwa wa jambo wala mahali linapotokea.

Nne, umri uwekwe. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2021, ilipiga marufuku fila za urembo kwa walio chini ya miaka 18 katika eneo la England. Sisi hatuna sababu ya kungoja watoto wetu waharibiwe ndipo tuige.

KWA WASOMAJI WA VISIWANI

Huenda msomaji wa Mkoani au Makunduchi akauliza: haya ya Temeke yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu bandari ni moja na boti ni za kila siku. Wapo wanaovuka kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya arusi, wakarejea na nguo, dhahabu na uso mpya. Madhara mengine ya fila hayaonekani siku ile. Mavimbe yaweza kutokea baada ya wiki nyingi au miezi, wakati mdunguaji yuko ng'ambo ya bahari na namba yake ya simu haipatikani tena. Atakayebaki na mzigo ni daktari wa hospitali ya kwetu, ambaye hakuambiwa ni kitu gani kilichodungwa.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako mmekusudia jambo hili, ulizeni maswali matatu kabla ya kulala kitandani. Wewe unayedunga umesajiliwa na baraza lipi, na cheti kiko wapi? Dawa hii ni ipi, nionyeshe boksi lake likiwa limefungwa, jina lake na tarehe ya kuharibika, nami niondoke na nakala ya maandishi hayo. Na tatu, mambo yakiharibika sasa hivi, haialuronidezi iko wapi? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Na kwa ambaye hana haraka, ipo njia isiyo na sindano. Kofia na kivuli saa za jua kali, kuacha tumbaku, na kulitupa kopo la mkorogo leo badala ya kesho. Hayo hayana tangazo, kwa sababu hayamtajirishi mtu.

Uzee haukomeshwi na sheria, wala hauchelewi kwa amri. Ila upofu unaoletwa na sindano ya mlaghai unaweza kuzuiwa, na wenye uwezo wa kuuzuia wanajulikana kwa vyeo vyao na kwa ofisi zao. Wananchi wa Kinondoni, Temeke na visiwani wana haki ya kuwaona wakiifanya kazi hiyo kabla daftari la walioharibiwa halijajaa.